Namna ya Kuoza Binti Kigamboni Ligi Ikiwa Haijaisha

Chukua daftari kubwa, lile la jalada gumu, upige mistari. Safu ya kwanza jina, ya pili ahadi, ya tatu alichotoa, ya nne timu. Makatibu wengi huishia safu ya tatu. Mimi nimekuwa katibu wa kamati za harusi hapa Mjimwema mara sita, za ndugu na za majirani, na nakuhakikishia kwamba safu ya nne ndiyo inayokuambia nani umpigie simu leo na nani umwache hadi hasira zimtoke.

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye shughuli upande huu wa maji. Nimeona harusi nzuri zikiingia dosari kwa sababu mtu mmoja alitaja tarehe kabla ya kufungua ratiba ya ligi. Mama mwenye shughuli kapika pilau, turubai limefungwa, viti vimepangwa, halafu ikifika saa kumi na moja jioni wanaume wote wako nje ya kibanda umiza cha kutazamia mpira na kanzu zao, wamenyoosha shingo. Watu huwasema vibaya wanaume wale. Mimi siwasemi. Hao ndio waliochanga, hao ndio waliobeba masufuria asubuhi, na mtu anayeweza kusimama dakika tisini kwa ajili ya kitu anachokipenda ni mtu unayemtaka kwenye harusi yako. Kazi ya kamati ni kupanga mambo ili asilazimike kuchagua.

Tarehe

Watu wa Pwani tuna kalenda mbili tangu zamani, ya ukutani na ya mwezi. Ramadhani haozi mtu. Shaabani watu wanabanana, kila mmoja anataka kumaliza kabla ya mfungo. Mfunguo Mosi kumbi zinajaa tena, na Mfunguo Tatu, baada ya Idi ya kuchinja, ukipita kutoka Tungi hadi Kibada utahesabu maturubai hadi uchoke. Majirani zetu Wakristo nao wana Kwaresma yao ya kuiheshimu. Kalenda ya tatu ni ya Bodi ya Ligi, na hii ndiyo inayotaka akili, kwa sababu mwezi huandama kwa wakati wake lakini kiporo hakina siku.

Kiporo, kwa asiyefuatilia, ni mechi iliyoshindikana kuchezwa siku yake ikawekwa kando kama ubwabwa wa jana. Na kiporo kikubwa kuliko vyote ni cha dabi ya Kariakoo. Tarehe 8 Mei 2021 Simba na Yanga walikuwa wacheze saa kumi na moja jioni. Siku ile ile ikatangazwa kwamba mechi imesogezwa hadi saa moja usiku. Yanga wakafika uwanjani kwa saa ya kwanza, wakapasha misuli, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa ya pili. Dabi ikachezwa tarehe 3 Julai, karibu miezi miwili baadaye. Miaka minne ikapita, ikaja ya tarehe 8 Machi 2025. Mkesha wake Simba walizuiwa kuingia Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi, wakatangaza hawatacheza, mechi ikaahirishwa. Ikapangwa Jumapili ya 15 Juni. Siku chache kabla ya hapo ikasogezwa tena hadi Jumatano ya 25 Juni.

Nazitaja tarehe hizi kwa sababu tulizilipia. Harusi ya mdogo wangu wa kike kamati ilikaa kikao cha kwanza mwezi wa Aprili, baada ya Idi, tukachagua Jumapili ya 15 Juni. Hesabu ilikuwa nzuri: Mfunguo Tatu, Idi imekwisha, shule zimeshafungwa, mama wadogo wa Kimbiji wanaweza kulala. Hatujamaliza kuchapisha kadi, tukasikia kiporo cha dabi kimepewa siku hiyo hiyo. Mweka hazina alinipigia simu saa tano usiku. Hakuniamkia. Alisema tu, "Katibu, wametuwekea juu."

Tukakaa kikao cha dharura kwa baba. Mjomba akasema harusi haihamishwi kwa ajili ya mpira, na alichosema kina heshima yake. Lakini mzee mmoja wa mtaa, ambaye nyumba yake haina hata redio, akauliza swali lililomaliza kikao: "Shehe wenu mnamjua timu yake?" Tulimjua. Tukahamisha ndoa hadi Ijumaa ya 20 Juni, baada ya swala ya Ijumaa. Halafu dabi nayo ikahama ikaenda tarehe 25, na ile Jumapili tuliyoikimbia ikabaki tupu, haina mechi wala harusi.

Kwa hiyo shika hivi. Tarehe ya dabi usiiamini mpaka mwamuzi apulize kipenga. Ukitaka kuwa salama, oza Ijumaa: msikiti umejaa bila kuita mtu, na mechi kubwa za ligi nyingi huangukia wikiendi au katikati ya wiki. Wiki mbili za mwisho wa msimu ziache kabisa, maana viporo vyote hulundikwa hapo. Agosti iangalie kwa jicho la pili. Simba Day watu wameizoea tarehe 8, Nanenane, lakini mwaka 2025 ilisogezwa hadi Septemba kwa sababu Agosti nzima nchi ilikuwa mwenyeji wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda. Na anayefikiria kuoza mwaka 2027, asimlipe mwenye ukumbi hata shilingi kabla ya kutazama ratiba ya AFCON, kwa kuwa safari hii inachezwa kwetu.

Kamati

Mwenyekiti achaguliwe kwa umri. Katibu na mweka hazina wachaguliwe kwa timu, na wawe wa timu mbili tofauti. Hili ndilo jambo la thamani kuliko yote ninayoyajua kuhusu fedha za harusi. Mimi ni Simba, mweka hazina wetu ni Yanga, fundi seremala wa Kibada, na sijaona daftari lililokaguliwa vizuri kama letu. Kila elfu kumi iliyoingia aliisoma kwa sauti, akanitazama usoni, akasubiri niiandike. Nami kila aliponunua mchele nilitaka risiti. Watu wawili wa timu moja huoneana haya. Watani hawaoneani haya, na pesa ya watu inabaki salama.

Vikao vipangwe kwa matokeo. Nimefuatilia hili kwenye madaftari yangu yote sita na halijabadilika: mtu ambaye timu yake imeshinda jana hutimiza ahadi leo, na mara nyingine huongeza. Aliyefungwa hapokei simu. Usimwite mtu huyo bahili, wala usimuandike kwenye kundi la WhatsApp kwamba amekaidi. Mpe siku tatu. Jumapili ya 25 Mei 2025 tulikuwa na kikao saa mbili usiku, na siku hiyo Simba walikuwa wanarudiana na RS Berkane kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, Amaan, Zanzibar, maana Uwanja wa Mkapa ulikuwa kwenye matengenezo. Nusu ya kamati ilikuwa imevuka kwenda Unguja kwa boti. Tulikuwa tumefungwa mbili bila kule Morocco, tukatoka moja moja hapa, kombe likaondoka. Kikao hakikufanyika, na niliandika kwenye daftari: "Kimeahirishwa." Jumatano iliyofuata walikuja wote na kila mmoja alitoa alichoahidi.

Ahadi ya mkeka wa kubeti usiipokee. Mtu akikwambia "nikila mkeka wa wikiendi nakuletea laki mbili", mshukuru, mwandike elfu ishirini za mkononi mwake. Laki mbili ikija itapokelewa kwa vigelegele. Ikitegemewa kwenye bajeti ya nyama, utajikuta na masufuria yaliyojaa viazi.

Kuhusu sare, akina mama wakubaliane mapema. Nyekundu na nyeupe kwa pamoja hapana. Kijani na njano kwa pamoja hapana. Zambarau ni rangi nzuri sana na haina mwenyewe.

Mtani apewe kazi

Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wengi huona utani wa Simba na Yanga ni kelele za vijana tu, wakati neno lenyewe limebeba mzigo wa zamani.

Yanga ilianza 1935. Mwaka uliofuata wakazaliwa hawa wengine, ambao walipita majina kadhaa, Queens, Eagles, Sunderland, hadi 1971 walipoitwa Simba. Wote walitoka mitaa ile ile ya Kariakoo, Jangwani na Msimbazi, mwendo wa mtu kwenda dukani. Watu walipotafuta neno la kuwaita, hawakusema maadui, walisema watani wa jadi. Na mtani katika nchi hii ana kazi zake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda bara. Kwenye msiba wa Mzaramo, mtani huja akachekesha waliofiwa, akadai kitoweo, akajilaza mahali pasipostahili, na hakuna anayemkasirikia, kwa sababu anawatoa watu kwenye giza. Kwenye harusi anazuia mlango hadi apewe chochote. Mtani anaruhusiwa kusema lile ambalo ndugu hawezi kulisema.

Basi ukiwa na harusi ambayo upande mmoja ni Simba na mwingine Yanga, kama yetu ilivyokuwa, usiwatenganishe watu kwa viti. Wape watani kazi za watani. Mlango wa bwana harusi, pale anapozuiwa hadi atoe fedha ya kuingia, simamisha shangazi wa timu pinzani. Wanaopakua pilau upande wa wanaume wawe wa timu iliyofungwa karibuni, wapate nafasi ya kumnyima mtu paja. Sisi tulimpa mweka hazina wetu kazi ya kupokea wageni wa bwana harusi kutoka Mwananyamala, Yanga wenzake. Waliposhuka kwenye gari akawaambia wote kwa pamoja, "Karibuni, wenzangu. Humu ndani wamo wachache, tusiwaonee." Baba alicheka hadi akafuta macho, na hapo tukajua shughuli imeshakaa sawa.

Mshereheshaji peke yake ndiye wa kuwekewa mipaka. Mwite siku mbili kabla, mketi, mpe namba nne ambazo haruhusiwi kuzitaja kwenye kipaza sauti. Sita bila ya mwaka 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga matatu. Tano bila ya 1968. Tano bila ya 2012. Tano moja ya 2023. Hizo nne si utani, ni makaburi ya watu. Mbili za upande huu, mbili za upande ule. Anayezigusa anawagusa wazee waliokuwepo uwanjani wakarudi nyumbani kwa miguu. Nyingine zote aseme atakavyo.

Maji, daraja na Uhasibu

Mgeni wa harusi ya Kigamboni ana njia tatu, na kamati iandike kwenye kadi ni ipi inamfaa.

Wanaokuja kwa miguu kutoka mjini wavuke na pantoni pale Magogoni. Ni mwendo mfupi na ni njia ya raha kuliko zote: upepo, akina mama wameshika mabuibui, vijana wamebeba keki kwa mikono minne. Wakumbushwe kuweka salio kwenye N-Card, ile ile wanayoingilia Uwanja wa Mkapa, ili mtu asije akabaki ng'ambo na zawadi yake. Akina dada wavae ndala hadi washuke upande huu, viatu virefu vikae kwenye mkoba. Ule mteremko wa chuma wa pantoni umeshavunja visigino vingi asubuhi za harusi.

Wa Mbagala na Chamazi wasiguse mjini. Waje kwa Kongowe, wanyooke hadi Mjimwema.

Wenye magari kutoka Kinondoni na Ilala ndio wa kuhangaikia. Njia yao ni daraja, lile lililofunguliwa Aprili 2016, mita 680 kutoka Kurasini hadi upande wetu. Kabla ya kufika darajani wanapita Chang'ombe, wanatokea Uhasibu, na uwanja wa watu elfu sitini uko papo hapo. Siku ya mechi kubwa njia hiyo hufurika kuanzia mchana: mabasi ya matawi kutoka mikoani, bodaboda zenye bendera, wauza vuvuzela, matarumbeta. Nimeona gari la maharusi limezingirwa na mashabiki wanaoimba, bibi harusi kafungua kioo, anapiga makofi kwa kufuata ngoma. Picha zake ni nzuri hadi leo. Lakini shehe alisubiri kwa muda wa saa mbili. Na kama mechi ni ya Yanga, ujue timu yenyewe hupiga kambi Avic Town, huku huku Kigamboni, basi lao linavuka daraja kwenda mjini wakati msafara wako unavuka kuja, na watoto wa pande zote za barabara watakuwa wanalikimbilia basi, si wewe.

Tozo ya daraja iingizwe kwenye bajeti kama kitu kinachojitegemea: gari la maharusi, gari la wazee, kosta ya akina mama, pikapu ya matarumbeta. Apewe mtu mmoja, akae gari la mbele, alipie yote kwa pamoja. Matarumbeta wasiache kupiga wakifika kwenye kibanda cha malipo. Wale wanaokata tiketi pale wameona harusi nyingi, na nimewaona wakitikisa mabega huku wakihesabu chenji.

Mechi ikikuangukia, lipia kibanda

Kuna wakati huwezi kukwepa. Jirani yetu alioza Jumapili ya 5 Novemba 2023, tarehe iliyokuwa imeshalipiwa kila kitu, na dabi ilikuwa saa kumi na moja jioni siku hiyo. Nilikuwa katibu. Nikaenda kwa mwenye kibanda umiza, hatua mia moja kutoka kwenye turubai.

Kama hujawahi kuingia mle, ni chumba cha mabati chenye mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, yamechongwa majina na namba za simu za watu waliokwisha hama. Televisheni mbili ukutani, moja ya dabi na moja ya Uingereza, waya zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Feni moja inazunguka polepole juu ya vichwa vya waliowahi kufika. Waliochelewa wanajipepea kwa vipande vya boksi. Bei imeandikwa kwa chaki mlangoni: jero mechi za kawaida, buku siku kama hiyo. Nyuma kuna jenereta, kwa sababu mwenye kibanda hukaa na hofu moja tu maishani, umeme kukatika dakika ya themanini. Nikamwambia kamati inanunua mlango wake kwa muda wa saa mbili. Aliyevaa kanzu aingie bure. Tukapatana.

Halafu tukahamisha ratiba ya chakula. Ndoa ilifungwa mchana, wanawake wakabaki na shughuli yao uani, ambayo kwa kweli haikuwahitaji wanaume, na masinia ya pilau yakaenda kibandani. Yanga walitangulia kwa bao la Kennedy Musonda mapema sana, Kibu Denis akasawazisha, mapumziko moja moja. Hapo ndipo tulipogawa chakula, na nashukuru Mungu kwa kuamua hivyo. Dakika kumi na tano za moja moja, watu mia wa timu mbili wamekaa wanne wanne kwenye sinia, kila mmoja ana matumaini. Wamekula hadi ukoko. Ukichelewesha pilau hadi mechi iishe, nusu ya watu hawatakula. Kipindi cha pili tulifungwa manne zaidi, na namba iliyopatikana nimekwisha kueleza kwamba haitajwi kwenye shughuli. Mimi nilitoka kwenda kuhesabu viti. Nilimkuta bwana harusi mwenyewe, Simba, amekaa peke yake nyuma ya turubai, kitambaa cha kilemba mkononi. Baba mkwe wake, Yanga, akaja akakaa kando yake bila kusema neno, akampa nusu ya andazi lake.

Hesabu na fungate

Hili nililisahau, na nawaomba wengine msilisahau. Harusi haiishi siku ya harusi. Nyumbani kwetu fungate bado ni siku saba kamili, na bwana harusi huzimalizia kwa wakwe. Bibi yetu hataki kusikia habari za siku tatu wala za hotelini. Mtu analetewa chakula, anaandaliwa maji ya kuoga, hatoki kwenda vijiweni.

Ndoa ilifungwa Ijumaa ya tarehe 20. Dabi ilikwenda Jumatano ya tarehe 25. Fanya hesabu mwenyewe: siku ya sita.

Na haikuwa dabi ya kawaida. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi msimu ule, na ndiyo iliyobeba ubingwa. Yanga walitaka sare tu, sisi tulitaka ushindi. Shemeji yetu ni Yanga wa kuzaliwa. Babu yake alikuwa na kadi ya uanachama iliyokunjwa mara nne ndani ya msahafu. Asubuhi ile alikunywa chai nusu kikombe. Mdogo wangu alinifuata jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hawezi kuomba ruhusa ya kutoka. Muombeeni nyie."

Nikaenda kwa bibi. Bibi akasema mume wa fungate hatoki. Nikamwambia wanacheza leo. Akasema basi waje wacheze humu ndani.

Saa kumi na moja kasoro televisheni ilikuwa sebuleni, kisimbuzi kimewashwa, mkeka umetandikwa. Baba alikaa kwenye kiti chake, ametinga jezi nyekundu juu ya msuli. Shemeji alikaa mkekani karibu na mlango wa uani, kanzu safi, mikono magotini, kama mtu aliye mbele ya kadhi. Kwetu mkwe hapigi kelele mbele ya baba mkwe. Hata kucheka hucheka kwa kipimo. Nilimtazama dakika tisini zile zaidi ya nilivyotazama mpira. Kipindi cha kwanza hakikuwa na bao, na yeye hakuwa na pumzi. Kipindi cha pili Yanga wakapata penalti. Pacome Zouzoua akaweka mpira chini. Ilipoingia, mtaa mzima wa Mjimwema ulilipuka, mabati ya kibanda umiza yakasikika hadi kwetu, na shemeji akainamisha kichwa akawa anatazama kiganja chake, anakipangusa kwa kidole gumba kana kwamba kina wino.

Baba hakusema kitu.

Mwishoni Clement Mzize akafunga la pili. Shemeji akainuka taratibu, akasema, "Baba, naomba niende nikanywe maji." Baba akamwitikia kwa kichwa. Akatoka uani, akaurudisha mlango vizuri. Kutoka nilipokaa dirisha lilinionyesha: kati ya ndoo na kamba ya nguo, shemeji anaruka, juu chini, juu chini, miguu mitupu, mdomo wazi bila sauti hata chembe, na mdogo wangu kashika kanga mdomoni, mabega yanamtikisika.

Alirudi na glasi ya maji imejaa hadi ukingoni. Hakuwa ameinywa. Akaipeleka kwa baba kwa mikono miwili, amepiga goti. Baba akaipokea, akanywa yote. Siku zote tukifungwa, baba huzima televisheni kabla mwamuzi hajamaliza kupuliza. Siku ile aliweka rimoti chini ya kiti, akaiacha ikiwaka, wenzake shemeji wakishangilia ubingwa wao wa 31 kwenye kioo chetu, akaniambia niwaite wanawake waje nao waone.